Ufa Nilioziba Mara Nne

Mlango wa chumba cha wasichana ndio ulioanza. Asubuhi moja ya Novemba 2019, mvua ikiwa imekesha ikinyesha, binti yangu mdogo alishika kitasa akavuta, mlango ukagoma. Akavuta tena kwa mikono miwili, mguu kaukita ukutani, ukafunguka huku unakwaruza sakafu. Nikasema ni ubao umekunywa unyevu. Nikamwita seremala, akaurandua kwa chini, nikamlipa, mlango ukawa mwepesi. Kilipoingia kiangazi, chini ya mlango ule ule pakawa na uwazi wa kupita panya, na panya walipita.

Jikoni nako jamvi lilinyanyuka katikati. Ukipiga deki, maji yalikimbilia kwenye kuta za pande zote, kana kwamba umeyamwaga juu ya kichuguu. Usiku mmoja marumaru nne zilipasuka kwa mlio uliotuamsha wote. Na kwenye kona ya dirisha la chumba kile cha wasichana ukatokea ufa mwembamba kama unywele, ukapanda kwenda darini kwa ngazi ngazi, ukifuata maungio ya matofali.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yetu iko Kibaha, mkoa wa Pwani, kilomita zipatazo 40 magharibi ya Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Kiwanja tulinunua mwaka 2014. Kujenga kulituchukua miaka mitatu: mkopo wa mshahara, vikoba, na kila safari mume wangu aliporudi na lori lake kutoka Tunduma tulinunua mifuko kumi ya saruji, au bando la bati. Tulihamia Agosti 2018 bila umeme na bila dari. Nilikuwa na miaka arobaini, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala katika nyumba ambayo hakuna mtu angeweza kunitoa. Nasema haya ili ieleweke ufa ule ulinigusa wapi.

Kila mwaka nawafundisha Darasa la Tano methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi niliziba. Mara ya kwanza ilikuwa Februari 2020, jua kali, ufa umefunguka vizuri: fundi wa lipu akaupanua kwa patasi, akaushindilia mchanga na saruji, akapaka rangi. Masika ilipopita ufa ukawa umerudi, tena umezaa: mmoja pale pale pembeni ya kiraka, mwingine juu ya mlango. Nikaziba Septemba ya mwaka huo. Nikaziba Agosti 2021. Nikaziba Septemba 2022, safari hiyo kwa saruji tupu na vipande vya nondo vilivyopigiliwa ukutani kwa kupita ufa, kama mtu anayeshona jeraha. Na kila nilipoziba, mvua iliyofuata ilifungua mahali pengine.

Wapo walionishauri nimwite mtu aje kukiangalia kiwanja, kwamba kina mambo yake. Huko sikwenda. Nilikwenda kubaya zaidi. Baada ya kiraka cha kwanza kushindwa nilimshitaki fundi aliyetujengea. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikasema mbele ya watu kwamba saruji yetu aliiuza na msingi akaujenga kwa mchanga. Aliitwa akaja na kofia mkononi. Ni mtu mzima, amenizidi miaka kama ishirini. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akasema neno moja tu: "Mwalimu, saruji yako yote imo ukutani." Hakuongeza. Nami nikauchukulia ukimya wake kuwa ndio ushahidi. Majirani wawili waliokuwa wamepatana naye wakatafuta fundi mwingine.

Mwaka 2022 mvua zilikuwa haba. Ilipofika Oktoba na Novemba mto Ruvu ulikuwa umepungua hata Dar es Salaam na huku kwetu tukawekwa kwenye mgao wa maji. Uani kwangu ardhi ilipasuka vipande vipande. Nyufa nyingine ziliingiza kiganja changu chote mpaka kwenye kifundo. Kifaranga kilidumbukia katika mojawapo, watoto wakakitoa kwa mwiko. Ukutani ufa wa dirishani ulifunguka juu kiasi cha kuingiza kidole, na chini ulibaki mwembamba. Nililala nikiutazama.

Desemba hiyo alikuja kunisalimia kijana niliyemfundisha Darasa la Nne, ambaye sasa ni fundi sanifu katika maabara ya kupima udongo wa barabara. Alipokwisha kunipa shikamoo nikamvuta moja kwa moja chumbani aone ufa. Aliutazama kidogo tu. Akatoka nje, akachuchumaa uani kwenye zile nyufa za ardhini, akakaa pale muda mrefu kuliko alivyokaa ukutani. Kisha akaniuliza mambo matatu. Maji ya batini yanaangukia wapi? Shimo la choo liko wapi? Na hii miashoki ilipandwa lini?

Maji ya upande wa nyuma yaliingia kwenye tangi. Ya mbele yaliangukia chini ya kuta, mle mle kwenye bustani yangu ya maua niliyoimwagilia kila jioni. Shimo la choo lilikuwa hatua nne kutoka jikoni. Miashoki ilikuwa sita, tuliipanda mwaka tuliohamia, mita moja na nusu kutoka ukuta wa chumba cha wasichana, ili itupe kivuli na faragha.

"Mwalimu, una sururu?"

Alichimba kando ya nyumba, mbali kidogo na msingi. Futi mbili za mwanzo zilikuwa mchanga, ule ule mweupe ulionifurahisha siku tulipokuja kuona kiwanja. Halafu sururu ikabadilisha sauti. Ilianza kugonga kama inapiga tofali. Alitoa bonge la udongo wa kijivu wenye mabaka ya njano na mekundu, akalipasua kwa mikono, akanionyesha ndani: nyuso zake zilikuwa laini, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Alisema hizo ni alama za udongo uliokwisha kusuguana wenyewe kwa wenyewe, ukivimba na kusinyaa mwaka baada ya mwaka. Akachukua kipande, akakilowesha kwa maji kidogo, akakisokota kiganjani mpaka kikawa uzi mwembamba wa milimita tatu, na uzi haukukatika. Akaniambia kipimo hicho kilianza kwa Mswidi aitwaye Albert Atterberg mwaka 1911. Mimi sikuwa namsikiliza tena. Nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu.

Nimezaliwa Maswa. Mtoto wa Kisukuma hujifunza majina ya udongo kabla ya kusoma. Juu kwenye miinuko kuna luseni, udongo wa kichanga, na huko ndiko kaya zinakojengwa. Unateremka unakutana na itogolo, halafu ibushi, na chini kabisa bondeni kuna mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kukushika miguu masika. Kote huko chini ni kwa majaruba ya mpunga na malisho. Bibi alikuwa na neno lake kuhusu itogolo. Alisema ni udongo unaodanganya, kwa sababu ukikwangua juu unaona mchanga kama luseni, lakini jembe likishuka shubiri moja mbili linakutana na kitu kigumu kisichopitisha maji. Ndiyo maana mpunga unakubali pale. Na ndiyo maana hakuna aliyeweka nyumba pale.

Nilipomsimulia hayo, kijana aliniambia kuwa mpangilio huo wa udongo, kutoka mlimani mpaka mbugani, uliandikwa kisayansi na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, miaka ya 1930. Aliupa jina la Kilatini, katena, yaani mnyororo, na wanasayansi wa dunia nzima wanalitumia hadi leo. Bibi hakujua Kilatini. Lakini angepewa kiwanja changu akichimbe kwa jembe la mkono, angekikataa. Mimi niliyekwenda chuo nilikikagua kwa macho, nikaona mchanga, nikasema hapa maji hayatuami, nikatia saini.

Kesho yake usiku alifanya kipimo kingine mezani pangu. Aliutwanga udongo uliokauka kwenye kinu, akauchekecha kwa chekecheo jembamba alilokuja nalo kutoka kazini, akapima sentimita za ujazo 10 na kuzimimina taratibu kwenye silinda ya kupimia iliyojaa maji. Tukaiacha saa 24. Jioni iliyofuata udongo ulikuwa umefika kwenye alama ya 22. Watoto walishangilia kama wameona mazingaombwe. Yeye alikunja uso. Udongo unaovimba kwa chini ya asilimia 50 katika kipimo hicho mara chache huleta shida. Unaozidi asilimia 100 unaweza kuharibu majengo mepesi, na hilo wahandisi wanalijua tangu miaka ya 1950. Wangu ulikuwa asilimia 120.

Alinieleza kwa mfano ambao sasa nautumia darasani. Ndani ya udongo wa ufinyanzi wa namna hii kuna madini yaitwayo montimorilonaiti, jina lililotokana na mji wa Montmorillon nchini Ufaransa. Yamejipanga tabaka juu ya tabaka, nyembamba kupita kiasi, kama kurasa za daftari. Maji yakija hayapiti pembeni tu, yanaingia kati ya ukurasa na ukurasa, na daftari zima linafura. Jua likiyatoa, linasinyaa. Ufinyanzi wa aina nyingine hauna tabia hiyo kwa kiasi hicho; udongo wa vyungu na udongo wangu vinaweza kufanana machoni na visifanane kabisa vikinywa maji.

Nilimuuliza nyumba inainuliwaje na udongo, nyumba yenye tani zote zile. Akachukua karatasi. Ukuta wa nyumba ya chini kama yetu, ukijumlisha msingi, mkanda na bati, hukandamiza ardhi kwa karibu tani tatu kwa kila mita ya mraba. Udongo mkali uliokauka kisha ukanyweshwa unaweza kusukuma kwa tani 10, hata 20, kwa eneo hilo hilo. Kwa hiyo nyumba yangu haikuwa nzito hata kidogo. Ni ghorofa refu lililo na uzito wa kushindana na udongo huo. Nyumba za chini, kuta za uzio, vibaraza na sakafu ndivyo vinavyoumia kwanza. Na havisukumwi sawasawa, hilo ndilo baya. Kama nyumba nzima ingepanda sentimita tano na kushuka sentimita tano kwa pamoja, tusingejua. Lakini jikoni, ambako shimo la choo lilivujisha maji mwaka mzima, udongo ulibaki umefura na kulinyanyua jamvi. Kwenye kona ya wasichana miashoki ilikausha udongo kiangazi, kona ikazama. Mvua zikija, maji ya bati na ya bustani yangu yakaijaza tena, kona ikapanda. Nyumba ilikuwa inajipinda na kujipindua kama mtu anayegeuka kitandani, na matofali hayajui kupinda.

Halafu akanionyesha jambo lililonifunga mdomo. Ufa wangu ulikuwa mpana juu na mwembamba chini kwa sababu kona ilikuwa imeshuka. Mvua zikirudi kona ingeinuka, na ufa ungetaka kujifunga wenyewe. Lakini nilikuwa nimeuziba kiangazi, ulipokuwa umefunguka kabisa, kwa saruji ngumu. Ukuta ulipotaka kurudi mahali pake ulikuta kiraka kimekaa katikati kama kabari. Haukuwa na namna ila kupasukia pembeni. Zile nyufa zilizozaliwa baada ya kila kiraka, nusu yake nilizipasua mimi.

Sijaacha kufundisha ile methali. Wazee walioisema walikuwa na kuta za udongo na fito, na ufa wa ukuta wao uliweza kusinyaa na kupanuka bila kudai fidia. Mimi nilikuwa na bloku na saruji, na kila mwaka nikawa naziba mahali madhara yalikotokea badala ya mahali maji yalikoingia.

Kuna jambo jingine lililonikosesha usingizi wiki ile. Kijana alinitajia tasnifu ya udaktari ya Mtanzania mwenzetu, Charles Lucian, iliyotolewa mwaka 2008 katika chuo kikuu cha KTH, Stockholm. Inahusu udongo unaovimba wa Kibaha na majengo yaliyokaa juu yake. Kibaha hii hii. Niliisoma kwa taabu, kamusi pembeni. Maarifa kuhusu ardhi ya wilaya yangu yalikuwa yamekaa kwenye maktaba miaka sita kabla sijanunua kiwanja, kwa lugha ambayo wauza viwanja, mafundi na walimu wa Kibaha hawaisomi. Hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonisukuma kuandika haya kwa Kiswahili.

Lakini lililoniuma kuliko yote lilikuja nikiwa nafua, siku mbili baada ya lile shimo. Niliikumbuka asubuhi ya kuchimba msingi, mwaka 2015. Fundi alikuwa amesimama ndani ya mtaro, jasho linamtiririka, akaniita. "Mwalimu, hapa mchanga umekwisha. Huku chini ni ufinyanzi. Tushuke futi mbili zaidi tuutoe, tushindilie moramu, na mkanda tuongeze nondo." Aliomba laki sita zaidi. Nikamjibu kwamba najenga nyumba, sichimbi kisima. Akanyamaza. Mitaro ikabaki futi mbili, tukaijaza mchanga pembeni, kwa sababu mchanga tulikuwa nao bure pale pale. Kumbe hata huo mchanga ulikuwa kosa: juu ya ufinyanzi usiopitisha maji, mtaro uliojazwa mchanga hugeuka kuwa bakuli linalozunguka nyumba, linakusanya mvua na kuiweka miguuni mwa msingi.

Alikuwa ameniambia. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba aliniambia, na katika kusahau huko nikamwita mwizi.

Tulimfuata Mlandizi Jumapili ya kwanza ya Januari 2023, mimi na mume wangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha kwenye viti chini ya mkorosho, mkewe akaleta maji. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani, yakanipotea yote. Nikasema tu kwamba nilichimba shimo nikaona alichokiona yeye siku ile, na kwamba naomba radhi. Alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Siku ile uliponishitaki, nilirudi nyumbani nikakaa kuhesabu mifuko upya. Niliyopokea, niliyotumia. Nilihesabu mpaka na mimi nikaanza kujiogopa." Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye alimuuliza mumewe kama kweli aliuza. Hilo sikuwa nimelifikiria kamwe, kwamba neno langu lililala katikati ya mtu na mkewe.

Kosa nililolisema hadharani nililifuta hadharani. Katika mkutano wa mtaa wa mwezi uliofuata nilisimama nikaeleza yote, futi mbili, laki sita na kisima. Wengine waliguna. Fundi hakuja. Lakini wiki moja baadaye alinipigia simu kuniuliza yule kijana wa udongo anapatikana wapi.

Kazi ya kuinusuru nyumba haikuwa ya kuvutia, na haikugusa ukuta hata mara moja. Kabla ya yote kijana aliniwekea daftari. Tulipigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, na kila tarehe mosi napima umbali kati yake kwa rula na kuandika. Mwisho wa kila ufa tunachora mstari wa penseli na tarehe. Januari 2023 ufa ulikuwa milimita 11. Mei, mvua zikiwa zimenyesha, ulikuwa 4. Niliposhika zile namba mbili mkononi ndipo nilipoamini kwa moyo wote, maana maelezo mtu anaweza kuyabishia, lakini ukuta unaojifunga wenyewe bila kuguswa huwezi.

Kuanzia Juni hadi Septemba tulishughulika na maji. Tuliweka gata upande wa mbele, na maji ya ziada ya tangi yakapewa bomba hadi mtaro wa maji ya mvua. Bustani yangu ya maua ikahama. Mchanga wa ule mtaro wa nje wa msingi ulitolewa, pakashindiliwa moramu kwa matabaka membamba, juu yake ikatandikwa nailoni nzito, kisha kibaraza cha zege cha upana wa mita moja na sentimita ishirini kuzunguka nyumba nzima, kikiinamia nje sentimita tano hivi kwa kila mita. Kibaraza hicho hakikuungwa na ukuta kwa saruji. Kiliachiwa nafasi ndogo iliyozibwa kwa lami, ili kila kimoja kipumue peke yake. Shimo jipya la choo lilichimbwa mita kumi na mbili kutoka jikoni, la zamani likanyonywa na kufukiwa. Gharama zote zilivuka milioni tatu. Laki sita za mwaka 2015 nilizikumbuka kila nilipotoa fedha. Kijana alikuwa mkweli kwangu: zile futi mbili zisingemaliza tatizo lote, kwa udongo kama huu ilifaa jamvi zito lenye mihimili ya nondo chini yake, au nguzo zilizoshuka mpaka chini ya udongo unaobadilika kwa misimu. Lakini zingepunguza mengi.

Miashoki ndiyo ilikuwa na mtihani. Nilitaka kuifyeka yote siku moja. Kijana alinizuia. Mti ukikatwa, maji uliyokuwa ukiyanywa hubaki ardhini, na udongo uliokaushwa kwa miaka huanza kufura taratibu, wakati mwingine kwa miaka kadhaa. Ningeweza kubadilisha nyumba inayozama kuwa nyumba inayopandishwa. Tulianza kwa kuipunguza matawi, kisha tukakata miwili kila mwaka. Miwili ya mwisho iliondoka mwaka jana. Chumba cha wasichana kimekuwa na joto zaidi, na wao wamelalamika, nami nimewaelewa.

Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, mvua juu ya mvua, na nchi nzima inakumbuka maporomoko ya tope yaliyotokea Hanang Desemba ile. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapiga pwani. Nilitoka na tochi usiku nikazunguka nyumba nikiangalia kibaraza. Maji yalikuwa yanakimbia kwenda mtaroni. Daftari linasema Oktoba 2023 ufa ulikuwa milimita 9, Mei 2024 ulikuwa 6, Oktoba 2024 ulikuwa 8, Mei 2025 ulikuwa 6. Nyumba bado inatembea. Inatembea milimita mbili mahali ilipokuwa inatembea saba. Jamvi la jikoni halijarudi chini lote, na kijana anasema huenda lisirudi. Ule ufa sijauziba. Wageni huuliza kwa nini mwalimu anaishi na ukuta uliopasuka wakati kibaraza chake ni kizuri hivyo, nami huwaonyesha misumari na daftari.

Ninachofanya siku hizi ni kuwasindikiza watu wanaonunua viwanja. Walimu wenzangu, wazazi wa shuleni, mpangaji wa jirani. Nawaambia waje na sururu na mtu wa kuchimba, wamlipe, shimo moja la mita moja na nusu kila pembe ya kiwanja, kabla ya kulipa hata shilingi. Wauzaji wawili wamekwisha kunifokea. Mmoja alisema nawaharibia biashara. Nikamwambia achimbe mwenyewe atuonyeshe, akaondoka.

Agosti iliyopita fundi alinipigia. "Mwalimu, uko likizo? Njoo Visiga mara moja." Nilimkuta ndani ya mtaro wa msingi wa vijana wawili waliooana karibuni, ana miaka yake sitini na kitu na bado anachimba pamoja na vibarua wake. Vijana walikuwa wamesimama juu na uso ule ninaoujua, uso wa watu ambao bajeti imewaishia. Fundi hakusema nao. Alinipa mkono, nikashuka mtaroni na viatu vyangu vya kanisani. Akaniwekea bonge kiganjani. Nikalipasua. Ndani lilikuwa linang'aa.

Nikaomba maji kidogo kwenye kizibo cha chupa, nikalilowesha, nikaanza kulisokota. Yule binti alichuchumaa ukingoni akitazama uzi wa udongo unavyorefuka mkononi mwangu bila kukatika.

"Kwa hiyo tushuke mpaka wapi?" akauliza mumewe.

Fundi alikuwa ameshachukua sururu.